Taa Haikuwa Imewaka

"Kaka, samahani sana. Kumbe haikuwa imewaka."

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kitanda cha reksini, suruali ya mazoezi nimeikunja mpaka juu ya magoti, usoni nimevaa miwani myeusi tii kama ya fundi wa kuchomelea mageti. Dakika 15 nilizolipia zilikuwa zimekwisha. Nikainua kichwa, nikavua miwani. Dada wa chumba kile cha tiba ya mwanga, pale jimu, alikuwa amechuchumaa pembeni ya ukuta, kashika plagi mkononi. Kwenye soketi ya mashine kulikuwa na chaja ya simu, na mwenye simu hayupo.

Siku nyingine ningegundua mwenyewe. Ile taa nyekundu ikiwaka, chumba kizima hugeuka kama baa ya uchochoroni, hata ukifumba macho unajua. Lakini siku hiyo dada alinishauri tutumie "ile isiyoonekana", yaani infraredi, kwa sababu inazama ndani zaidi. AC inanguruma kama jenereta, miwani ni giza, na taa yenyewe haionekani. Ningejuaje?

Shida ni kwamba kabla hajaingia, nilikuwa naisikia ikifanya kazi.

Naapa. Joto dogo lilianzia kisiginoni, likapanda taratibu mpaka kwenye kigimbi cha kulia, likatulia palepale penye lile fundo linalonitesa. Msuli ukawa unaachia kidogo kidogo, kama kamba iliyoloweshwa. Nilishaanza hata kutunga kichwani ujumbe wa kuwatumia wenzangu wa jogging.

Dada aliomba radhi mara tatu, akasema nitapewa siku nyingine bure. Nikamwambia hamna neno. Nikavaa viatu, nikajipima kwa kupanda na kushuka ngazi tatu za mlangoni.

Maumivu yalikuwa yamepungua.

Hii ni wiki ya 12 tangu siku hiyo, na bado sijaimeza.

## Elfu 25

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Kazi yangu kutwa nzima ni kuuliza watu wazima risiti iko wapi. Nina miaka 43, Jumapili nakimbia na klabu ya jogging ya mtaani kwetu, na msimu huu nilikuwa najiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro, pale Moshi. Waliowahi kuikimbia wanaijua ile barabara inayopanda kuelekea Mweka. Wasiowahi, wawaulize vigimbi vya wenzao.

Vyangu vilianza kulalamika Oktoba. Nikapitia njia zote za kawaida: dawa ya kuchua yenye harufu ya kufukuza abiria kwenye daladala, maji ya moto na chumvi, barafu ndani ya taulo. Mzee mmoja Kariakoo alinichua mpaka nikamwita mama yangu, na mama yuko Tanga. Nafuu siku mbili, ya tatu kulekule.

Ndipo mwenzetu mmoja akatuma video kwenye grupu. Mtu kalala mbele ya paneli nyekundu, katulia kama yuko peponi. Misuli inapona haraka, ngozi inang'aa, usingizi unarudi, uchovu unaondoka. Nikauliza wapi, nikaelekezwa. Ukutani kulikuwa na bango lenye mambo mawili yaliyonimaliza nguvu: teknolojia ya NASA, na sayansi iliyoshinda Nobeli.

Mkaguzi mzima. Nikalipa elfu 25 bila kudai kiambatisho.

## Ile ya bure

Nilirudi wiki iliyofuata kuchukua dakika zangu. Safari hii dada hakutaka mchezo. Aliwasha zote, nyekundu na isiyoonekana, akanisimamisha mbele ya paneli. "Kaka, angalia mwenyewe. Inawaka." Niliona. Hata mikono yake ilikuwa myekundu.

Nikalala, nikalisubiri lile joto.

Halikuja. Au tuseme lilikuja joto la kawaida, la kukaa karibu na kitu chenye umeme, basi. Nadhani nilikuwa nasikiliza kwa nguvu mno. Ukitega sikio ukutani kumsikiliza jirani, mara nyingi unaishia kusikia moyo wako mwenyewe.

Kwa hiyo iliyozimwa ilinisaidia, na iliyowaka haikunisaidia. Ningekuwa mtu wa kukata maneno ningesema utapeli mtupu, nikafunga ukurasa. Kwa siku kama nne hivi nilisema hivyo. Niliwaambia wenzangu kwenye grupu kwa herufi kubwa.

Kisha usiku mmoja, binti yetu kalala, mke wangu akaniambia, "Baba Nasra, wewe huyo huyo ulikaa siku mbili hospitali unaangalia taa."

## Mtoto wa njano

Ni kweli. Nasra alizaliwa, siku ya tatu akawa njano mpaka kwenye weupe wa macho. Wakamlaza uchi chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa kwa kitambaa, na sisi tukakaa pembeni tukihesabu pumzi zake. Hakuna aliyetubembeleza tuamini. Hakukuwa na bango. Siku ya pili damu ikapimwa, namba ikashuka, tukarudi nyumbani.

Nilikwenda kutafuta ile taa ilianzia wapi, nikakutana na habari ambayo nimeshaisimulia kwa kila aliyekaa karibu nami kwenye chai ya saa nne. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti alikuwa Sister Jean Ward. Yeye alikuwa na mazoea ya kuwatoa vichanga uani waote jua kukiwa na joto. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto mmoja: mwili wote umepauka na kuwa wa kawaida, isipokuwa pembetatu moja ya njano kali. Wakadhani amempaka kitu. Kumbe ni pale ambapo pembe ya shuka ilikuwa imemfunika asipate jua.

Miaka miwili baadaye, daktari Richard Cremer na wenzake wakachapisha namna ya kufanya kazi hiyo kwa taa. Mwanga wa buluu unaivunja ile rangi ya njano, iitwayo bilirubini, ikawa katika umbo ambalo mwili unaweza kulitoa. Hapo huhitaji imani wala muziki wa polepole. Mtoto hajui hata kama kuna taa.

Basi mwanga unaweza kuingia kwenye ngozi na kubadilisha kitu. Hilo lilinivuruga. Utapeli mtupu ni rahisi kuufungia faili. Kitu chenye ukweli nusu ndicho kinachokufanya uchelewe kutoka ofisini.

Nikaamua kukagua lile bango.

## Vocha ya kwanza: Nobeli

Tuzo ipo. Ilitolewa mwaka 1903 kwa Niels Finsen, mtu wa Visiwa vya Faroe aliyefanya kazi Copenhagen, mgonjwa mwenyewe kwa miaka mingi. Alikufa mwaka uliofuata akiwa na miaka 43, umri wangu. Alichotibu ni lupus vulgaris, yaani kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa unakula nyuso za watu polepole, pua, mashavu, midomo. Alikusanya mwanga kwa lenzi, akaupoza kwa maji usiunguze, na wauguzi wakakaa wakibana kioo kwenye uso wa mgonjwa kwa saa nzima, siku baada ya siku, miezi.

Lakini mwanga aliotumia ulikuwa wa upande wa buluu, zambarau na ultravioleti. Upande wa pili kabisa wa upinde wa mvua.

Na nyekundu je? Finsen aliitumia pia, kwa wagonjwa wa ndui. Aliwaweka kwenye vyumba vyenye mapazia mekundu na vioo vyekundu. Hapa ndipo nilipoweka kalamu chini, kwa sababu hakuwamulika kwa nyekundu ili nyekundu iwaponye. Alitaka kuzuia miale mingine, aliyoamini inachoma vidonda vya ndui na kuacha makovu. Nyekundu ilikuwa pazia tu.

Vocha ni halisi, sahihi ni halisi, ila bidhaa iliyoandikwa siyo iliyoletwa.

## Panya wa Budapest

Nyekundu yenyewe iliingia kwa bahati mbaya. Leza ya kwanza duniani iliwaka Mei 1960 kule California, mikononi mwa Theodore Maiman, na mwanga wake ulikuwa mwekundu kwa sababu ilitengenezwa kwa kito cha rubi. Miaka michache baadaye, daktari Endre Mester wa Budapest alitaka kuitumia leza ya rubi kwenye uvimbe wa panya. Akawanyoa manyoya mgongoni, akawamulika.

Uvimbe haukufa. Leza yake ilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo. Ila manyoya ya panya waliomulikwa yaliota haraka kuliko ya wenzao.

Ilikuwa 1967. Mtu mwingine angetupa daftari kwa hasira. Mester aliandika alichokiona, kisha akaanza kumulika vidonda vya watu visivyopona.

Nampenda sana huyu mzee kwa sababu hiyo. Jaribio limefeli na bado akawa na macho ya kuona manyoya.

## Jaribu na simu yako

Zima taa ya chumba. Washa tochi ya simu, ibane chini ya vidole vyako. Unaona nini? Nyekundu. Tochi ni nyeupe, ina rangi zote, lakini buluu na kijani vimenywewa na damu na nyama. Kilichofika upande wa pili ni nyekundu peke yake. Ndiyo maana wataalamu wa tiba hii wanang'ang'ania nyekundu ya nanomita 660 hivi, na infraredi ya nanomita 810 hadi 850 ambayo jicho halioni. Hizo ndizo zinazopenya.

Zikipenya, maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba zinanyonywa na kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi, ndani ya mitokondria, zile jenereta ndogo za seli. Mtafiti Tiina Karu, aliyefanya kazi Urusi, ndiye aliyelipigania sana wazo hilo. Inasemekana mwanga unaondoa kizuizi, jenereta inazalisha nguvu zaidi, uvimbe unapoa. Wapo wanaobisha kuwa huo ndio mlango wenyewe, na ubishi unaendelea.

Sasa rudi kwenye tochi. Umebana kidole, na kidole ni chembamba. Kigimbi changu si kidole. Kuna ngozi, kuna mafuta (ya kutosha, mke wangu angependa niongeze), ndipo nyama. Sehemu kubwa ya mwanga huishia milimita chache za mwanzo. Na paneli ya pale jimu ilikuwa imening'inizwa karibu mita moja kutoka miguuni kwangu.

Tafiti nyingi za misuli zimetoka Brazil. Jina linalojirudia ni la Ernesto Leal-Junior wa São Paulo. Wanachofanya si kulala mbele ya taa. Wanabana kifaa juu ya ngozi, nukta kwa nukta, kwa kipimo kilichohesabiwa, na mara nyingi *kabla* ya mazoezi. Kisha wanapima nguvu ya msuli, na wanatoa damu kutafuta kreatini kinesi, kimeng'enya kinachovuja pale msuli unapochanika. Katika baadhi ya majaribio waliomulikwa walichelewa kuchoka na damu yao ilionyesha msuli haukuumia sana kama wa wenzao. Katika mengine hakukuwa na tofauti. Washiriki kwa kawaida ni wachache, vijana, wenye mazoezi.

Mimi nilimulikwa baada ya mazoezi. Kwa mbali. Kwa kipimo ambacho hakuna aliyekijua.

Na kipimo ndicho kila kitu. Kifaa kinachotoa miliwati 50 kwa sentimita moja ya mraba, kwa dakika 10, kinakupa jouli 30 kwa sentimita hiyo. Sogea mbali, zinapungua. Kaa mno, na kwenye maabara faida huanza kupotea, wakati mwingine inageuka. Ni kama chumvi. Bango la jimu halikuwa na namba hata moja isipokuwa ya simu.

(Halafu, wenzangu wa klabu, tuache ile habari ya asidi ya laktiki. Ile huondoka mwilini ndani ya saa moja au mbili. Maumivu yanayokuamsha Jumatatu na kukushikisha ukuta Jumanne ni ya msuli uliochanika kidogo kidogo na uvimbe wake.)

## Simba au Karume

Nikanunua paneli ndogo. Ndiyo, baada ya yote hayo. Nilimpata mtu aliyeitumia miezi miwili akaichoka, akaniachia kwa laki na themanini. Kwenye boksi palikuwa na maandishi ya kujisifu kwamba "imesajiliwa FDA". Usajili huo maana yake kampuni imejiandikisha kwenye orodha ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Ni sawa na mama ntilie kuchukua TIN, halafu akatangaza kwamba TRA wameonja mchuzi wake.

Jaribio nililibuni mimi, likarekebishwa na mke wangu, aliyeona mianya yote. Kila Jumapili baada ya mbio ndefu nilikaa kwenye kochi, nimefungwa macho kwa khanga, feni inapuliza miguu ili joto lisinipe siri. Paneli iko kwenye infraredi tu. Mbele ya mguu mmoja anaweka boksi lililofunikwa kwa foili. Mguu upi? Anarusha sarafu ya mia mbili: simba, tunamulika kulia, Karume, kushoto. Anaandika kwenye daftari lake, mimi sioni. Jumatatu na Jumanne nashuka ngazi za ofisini ghorofa ya nne, nauandikia kila mguu alama za maumivu, sifuri mpaka kumi. Na kila Jumapili nabahatisha: leo umemulika upi?

Jumapili nane.

Usiku wa kufungua daftari niliandaa chai kama ni kikao cha bodi. Kubahatisha: nimepatia mara nne kati ya nane. Sarafu yenyewe ingefanya hivyo hivyo. Mguu uliomulikwa uliuma kwa nafuu kuliko mwenzake mara tatu, uliuma zaidi mara tatu, sare mara mbili.

Majaribio manane ya mtu mmoja hayathibitishi kitu, najua. Ningepelekewa faili hilo ningelirudisha na wino mwekundu. Lakini mke wangu alikuwa anaangalia safu nyingine kabisa.

"Mguu wako wa kulia," akasema, "ndio unaouma zaidi mara sita kati ya nane. Taa iwe wapi, iwe wapi."

Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akarudi na raba zangu. Raba nilizonunua mtumba Karume, nzuri, nilijivunia bei. Akazigeuza. Soli ya kulia, ukingo wa nje, imelika mpaka inaonyesha tabaka la ndani. Nusu ya ulikaji huo niliukuta. Aliyezivaa kabla yangu, popote alipo Ulaya huko, alikuwa mtu wa kuegemea kulia, na mimi nikaurithi mwendo wake.

Nilibadilisha raba. Moshi nilimaliza, kwa muda ambao sitauandika hapa.

## Kilichopungua siku ile ni nini?

Mtu anaweza kusema hadithi imeishia kwenye soli. Lakini soli haielezi zile dakika 15. Siku ile raba zilikuwa mbovu vilevile, taa imezimwa, na maumivu yakapungua.

Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio la watu wenye tumbo sugu, lile la kuvuruga choo miaka na miaka. Waliwapa vidonge na kuwaambia wazi: humu hamna dawa. Waliovimeza wakapata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa kidonge chochote. Nilisoma hilo nikajisikia nafuu kidogo, maana lililokuwa linaniuma zaidi ya kigimbi ni aibu. Kwamba nimedanganyika. Kwamba mwili wangu ni shahidi wa kununuliwa, elfu 25 tu na anasema unachotaka.

Sasa naona ni shahidi wa aina nyingine. Hakusema uongo, maumivu kweli yalipungua. Alikosea kumtaja mhusika. Na ukishajua hivyo, hakuna ushuhuda wowote wa "mimi nilitumia ikanisaidia" unaoweza kuusikiliza kama zamani, wa kwako ukiwa wa kwanza. Nimewahi kuapia mafuta fulani ya kuchua miaka 10. Nimeyaangalia juzi kabatini, nikayarudisha, nikafunga mlango wa kabati.

## Vocha ya pili

Nimeiacha ya NASA mwisho kwa sababu sikuimaliza kwa siku moja.

Ni kweli pia. Miaka ya 1990 kule Wisconsin, Marekani, walitengeneza taa za LED nyekundu kwa ajili ya kuotesha mimea kwenye vyombo vya angani. Daktari Harry Whelan wa chuo cha tiba cha Milwaukee akazichukua kuzijaribu kwenye vidonda. Hapa nilitegemea kukuta wanariadha, au wanaanga wenye misuli inayonyauka. Nikakuta watoto. Watoto waliopandikizwa uboho, ambao dawa kali za kansa huwatoa vidonda mdomoni na kooni mpaka wanashindwa kumeza mate. Waliwamulika mashavuni kwa taa hizo, kuona kama vidonda vitapungua.

Nikafuata uzi huo. Na huko, kwenye vidonda vya mdomo vya wagonjwa wa kansa, ndiko ushahidi ulikojaa. Mwaka 2018 NICE, chombo kinachopima matibabu Uingereza, kilitoa mwongozo unaokubali mwanga huu utumike kuzuia au kutibu vidonda vya mdomo vinavyoletwa na mionzi na kemo. Wataalamu wa kimataifa wa huduma za wagonjwa wa kansa nao wanaupendekeza kwa makundi maalumu, wanaochomwa mionzi ya kichwa na shingo wakiwemo, kwa vipimo vilivyoandikwa na kwa tahadhari ya kutouelekeza kwenye uvimbe wenyewe.

Mionzi ya kichwa na shingo.

Ilikuwa saa tano usiku. Nilifunga kompyuta, nikakaa gizani sebuleni.

Mwaka 2014 shangazi yangu alikaa kwetu miezi miwili akichomwa mionzi ya kansa ya koo. Wiki mbili za kwanza alikuwa anatutania. Ya tatu, mdomo ukaanza. Ndani ya mashavu, chini ya ulimi, kooni, kote kukawa kama pamemwagiwa maji ya moto. Uji wa ulezi tulikuwa tunaupoza kabisa, tunauchuja mara mbili, anaunywa kwa mrija, na kila tone lilipopita alikuwa anapiga goti kwa ngumi. Mate alitemea kwenye kopo la maziwa kwa sababu kuyameza kulimshinda. Mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa inasikika nyumba ya tatu, akawa anatuandikia kwenye karatasi. Karatasi moja ninayo mpaka leo. Imeandikwa: *Leo basi. Kesho nitajaribu.*

Mimi ndiye niliyekuwa namshikia kikombe.

Na miaka yote hii baadaye nimelala kifudifudi kwenye kiyoyozi, nimelipa elfu 25, naimulikisha miguu iliyochoshwa na raba mbovu. Kwenye bango lile kulikuwa na ngozi inayong'aa, kulikuwa na usingizi, kulikuwa na wanaanga. Mdomo haukuwepo. Nimeangalia baadaye matangazo mengine kama 20 ya taa hizi, ya hapa na ya nje, na mdomo haumo. Mgonjwa asiyeweza kumeza si picha nzuri ya kuuzia kitu.

Hasira hii sina wa kumpelekea. Dada wa jimu hakuniibia; aliniomba radhi mara tatu, na ningeweza kuondoka bila kujua.

## Simu ya Jumapili

Shangazi alipona. Yuko Tanga, ana miaka 71, sauti imerudi yote ikiwa na mkwaruzo kidogo, na embe bichi anakula na pilipili makusudi mbele yetu. Nilimpigia Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimeahirisha wiki tatu, kwa sababu sikujua namna ya kumwambia mtu kwamba kuna kitu huenda kingempunguzia, na sikukijua wakati ule.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda? Sauti imekonda."

Nikamwelezea yote. Taa, plagi, watoto wa Milwaukee. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Inaunguza?"

"Haiunguzi."

"Na wewe umeilipia shilingi ngapi?"

Nikamwambia. "Kwa ajili ya *miguu*?" Akacheka mpaka akakohoa, akamwita mtu aliyekuwa jikoni aje asikie. Nikasubiri. Kisha akarudi kwenye simu, ametulia.

"Na ile iliyozimwa, ilikupunguzia kweli?"

"Ilinipunguzia, shangazi."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku wake, na redio ya jirani.

"Mwanangu," akasema, "wakati ule hata ungenimulika kwa tochi ya simu, ningefungua mdomo."